Hodi hamsini kwa sekunde moja

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe hakuna taa za kuongoza wapitao, na aghlabu hakuna hata nafasi ya gari. Kinachoongoza ni sauti. Hamali akitokea Darajani na mkokoteni uliosheheni magunia hupaza "simile, simile," na kila aliye mbele yake, hata aliyekuwa katikati ya maneno, hujibanza ukutani, mzigo ukapita, kisha mazungumzo yakaendelea pale pale yalipokatikia. Mlangoni nako kuna hodi: mgeni hubisha, mwenyeji huacha alilokuwa akilifanya, huitikia, humsikiliza, kisha hurudi kwenye shughuli yake. Kompyuta huishi kwa utaratibu huo huo. Prosesa hufuata agizo moja baada ya jingine, na kifaa kinachoihitaji, kiwe kibodi, saa ya ndani au diski, aghlabu huisemesha kwa kuisimamisha kidogo. Wataalamu huliita tendo hilo ukatizaji. Mimi nitaliita hodi, kwa sababu neno hili limebeba kitu ambacho "ukatizaji" hauna: hodi ina adabu zake, na adabu hizo ndizo ninazotaka kuzizungumzia.

Kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980, zile ndogo zilizochomekwa kwenye televisheni, zilikuwa na sifa mbaya ya programu mbili kushindwa kukaa pamoja. Ukipakia ya muziki, ya diski inavurugika. Ukipakia ya kuchapisha, kibodi inakufa. Wengi wanaozitaja leo husema zilikuwa mashine dhaifu, zenye prosesa za polepole na kumbukumbu finyu, na kwamba nguvu za mashine za sasa ndizo zilizomaliza tatizo. Naona maelezo hayo yanamtupia lawama asiyehusika. Programu zile ziligombana kwa sababu waandishi wake hawakuwa na desturi moja ya kupokea hodi na kumpitishia mwenzao, na pale desturi ilipofuatwa zilikaa pamoja kwa salama kwenye chipu zile zile na kumbukumbu ile ile. Kama hivyo ndivyo, basi kijana wa Unguja anayesomea kompyuta ananyimwa somo kubwa anapoambiwa kwamba mashine hizo ni za makumbusho tu.

Tuchukue mashine moja tuitazame kwa karibu. Mwaka 1983 Kazuhiko Nishi wa kampuni ya ASCII ya Japani, akishirikiana na Microsoft, alitangaza mpango wa kompyuta ulioitwa MSX: kampuni nyingi zitengeneze mashine tofauti, lakini programu moja ifanye kazi kwenye zote. Sony, Philips, Sanyo na Yamaha zilikuwa miongoni mwa zilizoingia. Kwa watu wa mwambao huu kuna tawi moja la historia hiyo linalotugusa zaidi. Kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait, iliyoanzishwa na Mohammed Al-Sharekh, ilizitia mashine za MSX herufi za Kiarabu na kuziuza kwa jina la Sakhr katika nchi za Ghuba, kule kule ambako familia nyingi zenye asili ya Zanzibar zilikuwa zimeshaweka makao baada ya Mapinduzi ya 1964. Ndani ya mashine hiyo kuna chipu ya picha, na kila inapomaliza kuchora skrini hubisha hodi: mara 50 kwa sekunde kwa televisheni za mfumo wa PAL kama uliotumika huku kwetu, mara 60 kwa zile za Japani. Prosesa, ambayo ni Z80, huacha inachofanya, huruka hadi anwani namba 56 ya kumbukumbu, na hapo humkuta bawabu wa mashine, yaani programu fupi ya kudumu inayotazama kama kuna kitufe kilichobonyezwa, ikahesabu muda, kisha ikairudisha prosesa ilikotoka. Adabu ya kwanza iko hapa hapa. Chipu ya picha haiachi kubisha mpaka bawabu aisome na kuipa itiko lake. Bawabu asiyeitikia hujikuta akiitwa tena mara tu anapogeuka, na mashine nzima ikabaki inashughulika na mlango, isifanye jambo jingine lolote.

Sasa njoo kwenye kiini cha ugomvi. Waliobuni MSX walijua kwamba programu nyingine nazo zitataka kusikia hodi ile, kwa hiyo waliacha nafasi ya baiti tano katika kumbukumbu, kwenye anwani ambayo waandishi wa programu huiandika FD9F. Nafasi ikiwa tupu huwa na agizo la kurudi tu. Programu inayotaka kuitwa kila hodi inapopigwa huandika hapo anwani yake, kama mtu anayemwambia bawabu, "Mgeni akija, nipitishie na mimi." Programu inayosimamia diski hutumia nafasi hiyo kuhesabu muda, ili mota ya diski izimwe baada ya kukaa bila kazi. Kisha mtu anapakia mchezo kutoka kwenye diski hiyo hiyo. Mwandishi wa mchezo anataka muziki wake upigwe kwa mapigo yaliyo sawa, naye anaandika anwani yake juu ya ile iliyokuwepo. Muziki unapiga vizuri. Lakini taa nyekundu ya diski haizimiki, na mota inazunguka, inazunguka, mpaka mchezaji anaondoka na kuizima mashine yote. Hakuna kilichovunjika hapo. Mhesabu muda wa diski bado amekaa kumbukumbuni akiwa mzima, anasubiri hodi ambazo hazimfikii tena kwa sababu aliyekuja baada yake amekaa mlangoni na hampitishii.

Dawa yake ni ndogo mno. Kabla ya kuandika anwani yako, nakili zile baiti tano mahali pengine. Ukishamaliza kazi yako, ruka kwenye nakala hiyo, ili aliyekutangulia naye apate hodi yake. Ni maagizo machache ya Z80 na baiti tano za ziada. Programu mbili, tatu, hata nne zinaweza kufungamana hivyo, kila moja ikiipitishia iliyoitangulia, na mota ya diski ikazimika kwa wakati wake huku muziki unaendelea. Haikuhitajika prosesa ya kasi zaidi wala kumbukumbu zaidi. Huu ndio ushahidi wangu mkubwa, na sioni namna ya kuukwepa: mashine ni ile ile, waandishi wawili wana mahitaji yale yale, mmoja anaiacha nyumba katika amani na mwingine anaivuruga, na tofauti yao ni kwamba mmoja alikumbuka kuwa hayuko peke yake.

Mashine nyingine zinatoa ushahidi wa namna hiyo hiyo, ingawa kila moja ina sura yake. Kwenye Commodore 64 ya mwaka 1982 anwani ya bawabu ilikaa kumbukumbuni kwenye namba 788 na 789, wazi kwa yeyote, na programu za kuharakisha usomaji wa diski zilikwenda mbali zaidi: zilifunga mlango kabisa, kwa kuwa mazungumzo yao na diski yalihitaji muda uliopimwa kwa makini. Kufunga mlango kwa dakika ya haja kunakubalika hata majumbani. Kosa lilikuwa kuufunga muda mrefu, au kusahau kuufungua. Kwenye ZX Spectrum hali ilisikitisha zaidi. Mwandishi aliyetaka kuwa na bawabu wake mwenyewe alitegemea namba inayosomwa kutoka kwenye nyaya za mashine wakati wa hodi, na hakukuwa na makubaliano kuhusu kifaa gani kiweke namba gani hapo. Mara nyingi ilisomeka 255, lakini kifaa cha nyongeza kilichochomekwa nyuma kingeweza kuibadilisha. Kwa hiyo waandishi wazoefu walijaza baiti 257 mfululizo kwa namba moja ile ile, ili namba yoyote itakayosomeka iwafikishe mahali pamoja. Baiti 257 katika mashine ya kilobaiti 48, kwa ajili ya kujikinga tu na majirani wasiojulikana.

IBM PC nayo, iliyotangulia hizo mwaka 1981, pamoja na uzao wake, iliuingiza mzozo maofisini. Chini kabisa ya kumbukumbu yake kulikuwa na orodha ya anwani 256 za mabawabu, na programu yoyote iliweza kubadilisha yoyote kati ya hizo. Sidekick ya kampuni ya Borland, iliyotoka mwaka 1984, ilikaa kumbukumbuni ikisubiri kitufe maalumu ili ijitokeze juu ya kazi nyingine, na wanunuzi walielekezwa waipakie ya mwisho baada ya programu nyingine zote za aina yake. Zikiwa mbili zenye sharti hilo, mtumiaji afanye nini? Kulikuwa na mtego mwingine wakati wa kuondoka. Ya kwanza ikitoka kumbukumbuni huku ya pili bado inaipitishia hodi, hodi inayofuata huangukia kwenye kumbukumbu isiyo na mwenyewe, na mashine inaganda. Upande wa nyaya nako, mashine ya kwanza ilikuwa na njia 8 tu za hodi, na milango ya mawasiliano ya COM1 na COM3 ilitumia njia moja, namba 4. Kipanya kikiwa COM1 na modemu ikiwa COM3, kusogeza kipanya wakati modemu iko hewani kungeweza kukata mawasiliano.

Ni jambo la maana kutazama jinsi mambo hayo yalivyopungua. Sehemu kubwa ya nafuu ilikuja kwa kuandika na kukubaliana. Ralf Brown wa Marekani alikusanya kwa miaka mingi orodha kubwa ya hodi zote za PC zilizojulikana, nani anatumia ipi na kwa kazi gani, akaitoa bure. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yeye huyo huyo alipendekeza utaratibu wa programu za kudumu kujitambulisha, kueleza zimeshika hodi zipi, na kuweza kuondoka bila kujali nani alitangulia kuingia. Mtego ule wa kuondoka, ambao wengi waliuona kuwa ni maumbile ya mashine, ulitatuliwa kwa karatasi ya masharti kwenye PC zile zile zilizokuwa zikiganda.

Mhandisi makini atanipinga hapa, na pingamizi lake ni zito. Atasema kwamba kosa la asili ni kumwachia kila mpangaji ufunguo wa mlango mkuu. Kompyuta kubwa za miaka ya 1960 tayari zilikuwa na ulinzi wa kumbukumbu, na mifumo endeshi ya sasa humweka bawabu mmoja ambaye programu ya kawaida haiwezi kumgusa; kwa hiyo kilichotuokoa ni ukuta, wala si adabu. Nakubali kwamba ukuta ulisaidia sana, na mtu anayebuni mfumo wa benki leo bila ukuta huo anastahili kufukuzwa kazi. Lakini ukuta haujajibu swali la nani anastahili kukatiza, lini na kwa muda gani; umelihamishia tu kwa bawabu mkuu na kwa wachache wanaoruhusiwa kuingia ndani. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye hitilafu kwa programu yake ya ulinzi, ambayo hukaa ndani kabisa ya Windows, na kwa hesabu ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 zilianguka, viwanja vya ndege na hospitali katika nchi nyingi vilikwama. Ule haukuwa ugomvi wa hodi, bali ulitokana na jambo ambalo waliobuni MSX walilijua vyema: anayeketi karibu na mlango hubeba dhamana ya nyumba yote.

Mfano wa karibu zaidi uko mifukoni mwetu. Watu wengi Zanzibar hutegemea simu iwaadhinie, hasa alfajiri, na mwezi wa Ramadhani dakika moja huwa na uzito wake. Programu ya adhana ni programu inayoomba haki ya kubisha hodi kwa dakika kamili. Mfumo wa simu, kwa upande wake, unataka kulinda betri na kuzuia programu zisiamshane ovyo usiku kucha. Tangu Android 12 ya mwaka 2021, programu inayotaka kuiamsha simu kwa dakika iliyopangwa hutakiwa kuwa na ruhusa maalumu, na mtumiaji asiyeijua ruhusa hiyo hushangaa kuona simu imekaa kimya huku misikiti ya mtaani imeshaadhini. Hapo napo hakuna chipu iliyoharibika, ila makubaliano juu ya nani ana haki ya kukatiza, yaliyowekwa mbali na mtumiaji na kwa lugha asiyoifahamu.

Na kwa wanafunzi wa ufundi ugomvi wa zamani haukwenda popote. Arduino Uno, ubao mdogo wa bei nafuu unaopendwa na vijana wanaojifunza kutengeneza vifaa, una saa tatu za ndani, na kila saa ina hodi zake. Kijana akitaka kifaa kinachopokea ishara za rimoti na pia kupiga mlio, ataita maktaba ya IRremote na agizo la tone, na mara nyingi kazi yake itakataliwa kwa ujumbe kwamba kitu kiitwacho vector_7 kimeelezwa mara mbili. Tafsiri yake ni nyepesi: mabawabu wawili wamedai mlango namba 7, ambao ni wa saa namba 2 ya ubao huo. Ni ugomvi ule ule wa baiti tano za FD9F, na tofauti ni kwamba safari hii mashine imeugundua kabla ya kuwashwa. Mwanafunzi aliyewahi kuuona mchezo wa MSX ukimnyima mhesabu muda wa diski haki yake ataelewa ujumbe huo mara moja. Asiyewahi ataanza kubadilisha nyaya.

Kuna watakaosema kwamba mashine hizi hazikuwa zetu, na kwamba kuwarudisha vijana kwenye Sakhr na Spectrum ni kuwabebesha kumbukumbu za watu wengine. Nadhani historia yetu inasema kinyume. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na zuio hilo halikuondoka kikamilifu mpaka miaka ya 1990. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara haikuwa na kituo chochote, yaani nusu ya kompyuta ya nyumbani ilikuwepo sebuleni lakini nusu ya pili haikufika kwa wingi. Kompyuta zilipoanza kuenea maofisini na maskulini kwetu, Windows ilikuwa imeshafunika sakafu yote kwa zulia. Kizazi kile cha Uingereza, Japani na hata Kuwait kilichokua kikiandika namba moja kwa moja kwenye anwani za kumbukumbu, kikivuruga mashine na kuiwasha upya bila hasara, kwetu hakikupatikana. Tulirukia ghorofa ya juu. Sioni aibu yoyote katika kurudi kutazama msingi, na hatulazimiki kupitia miaka yote ile ili kuuona.

Pingamizi la gharama na muda linajibika kwa urahisi zaidi. Hakuna haja ya kuagiza mashine za zamani na kujiongezea taka za kielektroniki katika kisiwa ambacho tayari kinahangaika na taka za kawaida. Kuna programu zinazoigiza mashine hizo kwa uaminifu mkubwa: openMSX kwa MSX, VICE kwa Commodore, Fuse kwa Spectrum, DOSBox kwa PC za zamani. Zote ni bure na zinatembea kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, hata kuukuu. openMSX ina hata kifaa cha kuisimamisha mashine na kuzisoma zile baiti tano kabla na baada ya mchezo kupakiwa. Mwalimu anahitaji vipindi vinne hivi: cha kwanza kuiona hodi ikifanya kazi, cha pili kuiharibu kwa makusudi, cha tatu kuirekebisha, cha nne kufanya jambo hilo hilo kwenye Arduino. Anayedai kwamba vipindi hivyo vingetumika vyema kufundisha mambo yenye ajira atazame ajira zenyewe. Fundi wa mifumo kwa sehemu kubwa ya siku yake hatengenezi programu mpya. Anatafuta kwa nini mbili zilizo nzima zinashindwana.

Kwa hiyo naiomba Taasisi ya Elimu Zanzibar iweke vipindi hivyo katika mtaala wa TEHAMA wa sekondari, na Chuo Kikuu cha Taifa kule Tunguu pamoja na Taasisi ya Karume pale Mbweni waviandalie mazoezi kwa Kiswahili, kwa kuwa somo hili kwa Kiingereza hupoteza wengi kabla halijaanza. Kwa Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA) nina ombi moja zaidi. Istilahi ya ukatizaji ibaki kwa wanaoipenda, lakini zipimwe na hizi mbili nilizozitumia hapa, hodi kwa tendo lenyewe na bawabu kwa programu inayolipokea. Mtoto wa Unguja anajua tangu mdogo namna ya kubisha hodi, kuitikia na kumpitishia mwenzake. Msomaji mwenye maneno yanayofaa zaidi ayalete, yajadiliwe kabla mtaala mpya haujaandikwa.